Kahawa ya Uchagani

Tik. Kimya kidogo. Tik.

Nilifungua macho gizani nikajua mama mkwe wangu keshaamka. Alikuwa ameketi karibu na mlango, anatoa buni moja moja kwenye gunia, anaitikisa sikioni, kisha anaiangusha kwenye ungo. Buni iliyokauka sawasawa hulia ndani ya ganda lake. Ile isiyolia aliitenga kwenye mkunjo wa shuka lake.

"Mama, bado hapajapambazuka."

"Masikio hayataki taa. Lala, mwanangu. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya watu leo."

Sikuweza kulala. Binti yangu Lalise, wa miaka minne, alikuwa amenilalia mkono wote, na mkono umekufa ganzi, lakini sikutaka kumwamsha. Nilibaki nasikiliza buni zikianguka. Kufikia kesho, nilijisemea, miti yetu ya kahawa itakuwa imepona au haitakuwa yetu tena.

Miti yenyewe iko juu kabisa, pale shamba letu linapokutana na msitu. Ni mikahawa ya zamani, mirefu na myembamba, na majani yake machanga ni ya rangi ya shaba. Baba mkwe aliikuta imesimama pale, na hakuna aliyejua imepandwa na nani. Inazaa kidogo sana, tena mwaka huu ikizaa, mwaka unaofuata inapumzika. Mume wangu Galchu aliipenda kama watu wa kwetu wanavyopenda ng'ombe. Mingine aliipa majina.

Miaka miwili nyuma alichukua viganja vichache vya buni zake akazipeleka mjini kwa Fisseha. Huyu Fisseha ni mnunuzi kutoka Addis Ababa. Huja msimu wa mavuno kutafuta kahawa adimu kwa ajili ya watu wa mbali, wanaoinunua kwa gramu kama dhahabu. Mimi nilimfahamu kwa sababu misimu miwili nilikuwa naosha vikombe katika chumba chake cha kuonjea, mchana vikombe, jioni shule ya watu wazima. Siku ile alionja kahawa ya Galchu, akafumba macho, akauliza, "Nani kaweka yasmini humu?"

Galchu alirudi nyumbani na neno hilo moja tu. Akalisema asubuhi, akalisema usiku, mpaka mdogo wake Uddessa akawa kila tukikaa kula anauliza, "Shemeji, leo tunakula kabichi au yasmini?"

Fisseha alisema magunia mawili tu ya kahawa ile, ikianikwa vizuri bila kulowa hata tone, atayanunua kwa bei ambayo hatujawahi kuisikia. Tukasubiri mwaka wa mapumziko upite. Mwaka huu miti ikazaa. Galchu akachuma zile nyekundu tupu, akatengeneza vichanja vya kuanikia, akawa anazigeuza mwenyewe na kuzifunika kila wingu lilipopita. Siku ya kumi na tisa ya kuanika alipanda lori kwenda kununua magunia mapya. Lori lilipinduka kwenye mteremko wa mto. Walimleta jioni, amefunikwa turubai lililokuwa limefunika mahindi.

Baada ya msiba Uddessa aliwaita wazee wa ukoo. Hakuficha lake. Alisema shamba ni la ndugu wawili, mmoja hayupo, na yeye ana watoto wanne. Miraa inavunwa kila mara na pesa yake unaishika mkononi. Ile miti ya juu inakula ardhi bure. Mimi niliomba kitu kimoja: kwanza Fisseha aonje. Wazee wakakubaliana. Akiinunua kwa bei aliyoahidi, miti ibaki mikononi mwangu mpaka Lalise akue. Akiikataa, Uddessa aing'oe apande miraa.

Kulipokucha tulishuka mjini, mimi, mama mkwe, Uddessa akiwa na sampuli begani, na Lalise ambaye nusu ya njia alitembea na nusu nyingine alibebwa na baba yake mdogo juu ya ile sampuli.

"Usinikojolee kahawa," Uddessa alimwambia. "Bwana wa Addis ataonja aseme, nani kaweka Lalise humu?"

Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Hata mama mkwe alitabasamu, na alikuwa hajatabasamu tangu siku ya lori.

Fisseha alitupokea kwa heshima, akatupa pole, akamshika mama mkwe mikono yote miwili. Sampuli ikakobolewa, ikakaangwa kidogo tu, rangi ya mdalasini, ikasagwa, ikagawanywa kwenye vikombe vitano vya aina moja. Akamimina maji ya moto. Tukasubiri povu lipande na kuganda juu.

"Kwa nini vitano?" mama mkwe aliniuliza kwa kunong'ona. "Ana wageni?"

"Ni ili kama kuna buni moja mbaya ijionyeshe, mama. Itaharibu kikombe kimoja, vingine vitabaki vizima."

Fisseha akainama, akavunja povu kwa kijiko, akanusa. Kikombe cha pili. Cha tatu. Kisha akachota kahawa kidogo, akaivuta mdomoni kwa kishindo.

"Weeh!" mama mkwe alisema. "Mtu mzima anakunywa kama ndama!"

Fisseha akatema kwenye ndoo.

"Na anatema!" Uddessa alishika kiuno. "Mama, umeona? Umekaa gizani unatikisa buni, mwenzio anatema."

Fisseha alicheka nao, lakini nilimwona alivyorudi kwenye kikombe cha kwanza. Huwa harudi mapema hivyo. Alivipitia vyote vitano, akasimama, akapitia tena. Kicheko kikaisha chumbani.

"Dhaki," aliniita. "Njoo. Niambie wewe."

Nilichukua kijiko. Nilivuta kama alivyonifundisha, kahawa isambae ulimi mzima. Kwanza nikaipata yasmini, mbali kabisa, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu. Nikataka kupiga kelele kwa furaha. Halafu nyuma yake kikaja kitu kingine, kikaifunika, kikakaa. Moshi. Moshi wa kuni mbichi za mkaratusi. Nikaonja cha pili, cha tatu. Vyote.

Niliujua moshi ule, na niliijua siku yake.

Siku tuliyomzika Galchu mvua ilinyesha, mvua isiyo ya msimu. Wanaume walikuwa kaburini. Mimi nilikuwa kwenye mkeka ndani, katikati ya wanawake, na mjane hainuki kwenye mkeka ule. Nikasikia matone ya kwanza juu ya paa, na kitu pekee kilichonijia ni sauti yake: hata tone, Dhaki. Niliinuka. Wakanishika, nikawaponyoka. Nikakusanya buni kutoka vichanjani, nikaziingiza ndani kwa mafungu, nikilia na kukimbia. Nikaziweka mahali ambapo katika nyumba zetu zote huwekwa kitu cha thamani kisiguswe na maji, panya wala bungua: juu ya uchaga, juu ya meko. Chini yake moto ukawaka siku tano kupikia waombolezaji. Kahawa yetu ya kunywa iko pale miaka yote. Nyumbani sikuwahi kuinywa isiyo na moshi, na hakuna aliyeuhisi.

Ningeweza kunyamaza. Fisseha asingejua ni nani aliyeziweka kule.

"Ni moshi," nilisema.

"Ni moshi," alisema taratibu. "Vyote vitano. Kingekuwa kimoja, ningesema buni mbaya. Ilikuwa imewekwa wapi?"

"Moshi ndiyo kosa?" mama mkwe aliingilia. "Kijana, hakuna kahawa isiyo na moshi. Mimi nimezaliwa naikuta uchagani."

Nikaona macho yake yanatoka kwa Fisseha, yanakuja kwangu, yanashuka kwenye mikono yangu. Akaelewa. Akajiweka shuka vizuri mabegani.

"Mimi ndiye niliyemwambia aziweke kule," alisema. "Yeye alikuwa na msiba, hakuwa na akili zake. Ni mimi."

"Mama, hapana."

"Nyamaza wewe."

"Hapana, mama. Ulikuwa umezimia. Walikuwa wanakumwagia maji." Nikamgeukia Uddessa, kwa kuwa ndiye aliyepaswa kusikia. "Ni mimi, shemeji. Mvua ilikuja mkiwa kaburini. Niliogopa italowa."

Uddessa alikuwa ameshika mlango. Nilingoja aseme neno la kuniumiza, na analo kila siku. Aliangalia tu vile vikombe vitano. Lalise alikuwa chini ya meza anapanga vijiko.

Fisseha alijaribu kutusaidia. Alionja mara ya tatu imeshapoa. Alisema yasmini ipo, lakini akiipeleka kwa wale watu wa mbali wataonja moshi tu, na mwakani hawatamwamini tena. Angeweza kuinunua kwa bei ya soko, ichanganywe na ya kila mtu.

"Basi ichanganye," mama mkwe alisema, akatoka nje.

Njiani kurudi nilimfuata Uddessa nyuma. "Shemeji. Miti itazaa tena. Nitaianika mwenyewe, nitailinda mwenyewe. Sasa najua."

"Itazaa lini?"

"Mwaka ujao inapumzika. Unaofuata."

"Miaka miwili." Hakugeuka. "Watoto wangu nitawapikia nini miaka miwili, Dhaki? Harufu?"

"Nakuomba."

"Tulikubaliana mbele ya wazee. Ningekuwa nimeshindwa mimi, ungenionea huruma?"

Nilifikiri kuhusu hilo, na jibu la kweli lilikuwa hapana. Ningefurahi.

Siku nne Uddessa hakuja. Mimi ni mtu wa kutumaini, nimeumbwa hivyo; siku ya tatu nilishaanza kujiambia labda amebadilika, labda mkewe kasema neno. Nilimwosha Lalise nywele, nikamsuka. Jioni nilimfundisha herufi kwenye majivu. Mama mkwe alikuwa hasemi nami sana, lakini usiku alinivutia blanketi upande wangu, na mimi nikajifanya nimelala ili asione haya.

Siku ya tano asubuhi tulimwona anapanda kuelekea kwenye miti na shoka na panga. Peke yake. Nilidhani ataleta vibarua.

Tulikwenda, sijui kwa nini. Mama mkwe alitangulia. Alisema mwanamke aliyemzika mwanawe hashindwi kutazama miti. Tukasimama ukingoni mwa shamba, mimi nimemshika Lalise mkono.

Uddessa hakutusalimu. Mti wa kwanza ulikuwa mwembamba. Mapigo sita ukaenda chini na majani yake ya shaba. Wa pili ulikuwa mnene kidogo. Alivua koti, akalitundika kwenye tawi la mti wa tatu, akaanza. Kila pigo ndege walikuwa wanaruka upande wa msitu, wanatua, wanaruka tena. Mama mkwe alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti, au anaomba, sikujua.

Mti wa pili ukaanguka. Akauendea wa tatu, akaliondoa koti lake, akalitupa chini. Alikuwa ametupa mgongo. Akainua shoka mpaka juu ya bega, akabaki nalo pale.

"Analenga," mama mkwe alisema.

Tukangoja. Shoka halikushuka. Nikadhani amechoka, si mkulima mzembe lakini jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikadhani labda ameona kiota. Mgongo wake ulikuwa umetulia tuli, na sisi wakubwa tulibaki pale pale tuliposimama, kwa sababu hakuna anayemwendea mbele mwanaume aliyeshika shoka.

Lalise aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu. Nilimwita, hakugeuka. Alipita juu ya matawi yaliyoanguka, akazunguka mpaka mbele ya Uddessa, akainua kichwa, akamtazama usoni kwa muda. Kisha akatugeukia sisi.

"Baba mdogo analia," alisema.