Kichwa cha Jumatatu

Wiki nzima ya usafi, kila aliyeingia kona ya wachimbaji alitoka kashika kichwa.

Wakakigeuza utani, wakakiita kichwa cha makumbusho. Darlene Pascoe, mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo anaongea kama yuko mbele ya ubao, akasema ni ukungu wa kwenye kuta. Mzee Wendell Trezise akasema ni kahawa ya Verna. Na Verna Lampinen, mwenye kahawa yake, akamjibu kwamba kahawa ikiwa mbaya mtu huumwa tumbo, si kichwa, na kama mzee hataki basi akirudishe kikombe.

"Nirudishe nini na nimeshamaliza," Wendell akasema. "Ongeza."

Ndivyo walivyoishi pale. Makumbusho ya Orvala hayana hata mtu mmoja wa mshahara. Ni nyumba ya mawe ambayo zamani wachimba shaba walibadilishia nguo kabla ya kushuka mgodini, na kwa kuwa haina moto wa kuipasha, baridi ikianza inafungwa. Theluji inapanda mpaka madirishani. Mei ikifika, wanaojitolea wanarudi na ndoo na matambara, wanafuta, wanapanga, wanagombana, halafu Jumamosi ya mwisho wa mwezi milango inafunguliwa na mji mzima unakuja kula pasti, zile andazi za kuoka zilizojazwa nyama, na kusikiliza hadithi ambazo kila mtu anazijua.

Watoto wao walikuja kwa hadithi moja tu, sanduku la Wendell.

Yaani mzee huyo anatokea nyuma ya nyumba na helmeti kichwani, taa ya karabai inawaka mbele, glavu za ngozi mikononi, sanduku la baruti begani. Anawasimulia kuhusu babu yake na giza la chini. Watoto wamekaa kwenye majani, duara. Hadithi ikikolea, mzee anajikwaa kwa makusudi, sanduku linaporomoka, linatua miguuni mwao, puu. Watoto wanapiga kelele, wengine wanalia kabisa. Halafu anafungua kifuniko na ndani kuna vijiti vya mpini wa fagio tu, vimekatwakatwa na kufungwa karatasi ya nta vifanane na vijiti vya baruti. Kila mtoto anashika kimoja, anapigwa picha. Wazazi wao walipigwa picha hiyo hiyo.

Mwaka huu ilikuwa mara ya mwisho. Magoti ya Wendell yalikuwa yamechoka, na Darlene alishamwambia, kwa upole wake ule wa kumpa mtoto matokeo mabaya, kwamba kamati imeamua.

Sasa Jumamosi yenyewe, asubuhi, Verna aliingia kona ile kufuta mara ya mwisho. Alikuwa mpishi wa hospitali miaka mingi, na mpishi wa hospitali hawezi kuacha rafu bila kuangalia chini yake. Akalisukuma sanduku la Wendell kwa goti. Chini pana alama. Mraba mzima wa ubao umelowa, mweusi, unanata kama sufuria iliyokaangiwa bekoni na kuachwa. Akainusa. Harufu tamutamu. Akasema moyoni panya huyo, amekufa humo, akachukua tambara na kuifuta kwa mkono mtupu mpaka ubao ukatoa rangi yake. Kisha akalirudisha sanduku mahali pake, kwa goti lile lile.

Hajamaliza kufunga aproni ya kutembezea pasti, kichwa kikaanza. Hakikuwa kile cha siku zote. Hiki kilikuwa kinapiga na moyo, kila pigo moyo, pigo kichwa, mpaka akaona taa za ukumbini zinapumua.

Akaenda mlangoni kwa Bibi Lempi.

Bibi Lempi Kuivanen ndiye mkubwa kuliko wote mjini. Kila ufunguzi anakaa kwenye kiti cha mlangoni, miguu yake iliyovimba imeegeshwa juu, anauza mkate wa iliki na kuwakosoa wanaoingia.

"Umekuwa mweupe kama unga," akamwambia Verna. "Nani kakuudhi?"

"Kichwa, bibi. Una aspirini?"

"Ninayo, lakini haitasaidia. Na mimi nimeamka vizuri, nimefika hapa kimenianza. Tena ni kile cha mama."

"Cha mama yupi?"

"Mama yangu mimi. Kichwa cha Jumatatu." Bibi akajikuna chini ya skafu. "Baba alikuwa mtu wa baruti kule chini. Jumapili anapumzika nyumbani, Jumatatu akirudi kushika vile vijiti kichwa kinampasuka. Vinatoa jasho, unajua, jasho lao linaingia kwenye ngozi. Wenzake walikuwa wanapaka kidogo kwenye ukanda wa kofia Jumapili, ili mwili usisahau. Na mama, maskini, akifua suruali za baba analala na kitambaa usoni mpaka jioni. Sisi tunatembea kwa vidole."

Verna aliangalia vidole vyake. Bado vilikuwa vinanata.

"Vinatoa jasho la namna gani, bibi?"

"Kama mafuta. Vikizeeka. Baba alisema kijiti kikitoa jasho usikipigie hata chafya." Akamwangalia Verna machoni, kisha akaangalia vidole, na uso wake ukabadilika polepole. "Verna. Umeshika nini wewe?"

Verna alishageuka. Akavuka ukumbi, akafika kona ya wachimbaji. Rafu ilikuwa tupu. Pale alipofuta muda si mrefu, mraba mweusi ulikuwa umeanza kurudi.

Nje, watoto walikuwa wanacheka.

Akatoka kwa mlango wa nyuma mbio, na mbio zenyewe zikamfia mguuni. Wendell alikuwa tayari katikati ya duara. Sanduku begani. Mkono mmoja angani, anaonyesha giza la chini lilivyo. Na Verna, ambaye hadithi ile ameisikia mpaka anaiota, akajua kabisa amefika wapi. Amefika kwa babu kuzimikiwa na taa. Baada ya taa ni kujikwaa.

Akafungua mdomo apige kelele, akaufunga. Mzee wa watu, masikio mazito, ukimshtua atafanya nini? Ataruka.

Kwa hiyo akatabasamu. Mungu ndiye anajua tabasamu lile lilitoka wapi. Akajifuta mikono kwenye aproni na kuingia kwenye duara akitembea kama mtu aliyepangwa kuingia.

"Jamani watoto, mnaniruhusu?" akasema. "Mimi ni mke wa mchimbaji. Nimekuja kumchukua mume wangu, chakula kimepoa."

Watoto wakacheka. Wendell hakucheka.

"Sehemu hii haina mwanamke," akasema huku kauma meno.

"Mwaka huu inaye." Alikuwa ameshafika. Akapitisha mikono yote miwili chini ya sanduku, akalisikia lilivyo zito, na mbao chini zimelowa. "Tunalishusha, mimi na wewe. Polepole."

"Unaniharibia, Verna. Ya mwisho hii."

"Najua."

"Basi toka."

"Mzee Wendell, hivi ni vijiti vyetu? Vya mpini wa fagio?"

Taa ya karabai ya mzee ilikuwa inammulika Verna usoni. "Vyetu panya walivila," akanong'ona. "Hivi ni vya Cyril. Cyril Nankervis kaniachia."

Cyril ndiye aliyechonga naye vile vya kwanza, mwaka makumbusho yalipofunguliwa, wawili hao wamekaa kwenye ngazi na misumeno yao. Alikufa vuli iliyopita. Na Orvala mtu akifa, watoto wake wanapakia vitu vya zizini kwenye gari, wanaviacha kwenye ngazi za makumbusho na kuondoka bila kugonga, kwa sababu makumbusho hayajawahi kukataa kitu cha marehemu.

"Alivichonga lini?" Verna akauliza. "Ulimwona akichonga?"

Wendell akafikiri. Verna aliona jinsi fikra ile ilivyomwingia, kama maji baridi yanavyoingia kwenye buti.

"Vilikuwa vizuri sana," mzee akasema. "Nikasema Cyril huyu, kaniweza. Vinafanana na vya kweli." Halafu, taratibu kabisa, "Nilipovipokea Oktoba vilikuwa vikavu, Verna."

Mkono wake ukaanza kutetemeka. Verna alisikia mtetemo ule unapita kwenye mbao na kumfikia mikononi. Kitu kikajigonga ndani, tik, kama kijiko ndani ya droo.

"Niangalie mimi," akamwambia. "Magoti yako unayaweza?"

"Hayafai."

"Leo yatafaa. Tunamlaza mtoto. Analala usingizi, hatumwamshi."

Wakainama pamoja. Hakuna kipande cha dunia hii kilichowahi kuwa mbali kama majani yale. Watoto walidhani ndiyo hadithi. Sanduku likagusa chini, Verna akachomoa vidole kimoja kimoja, na Wendell akabaki amepiga magoti, hawezi kuinuka, machozi yanamshuka kwenye masizi aliyojipaka.

"Haya," Verna akawaambia watoto. "Mchezo mpya. Tunatembea mpaka barabarani, kwa ncha za vidole, atakayefanya kelele ametoka."

Darlene akawahi kumkuta njiani na ubao wake wa ratiba. "Verna, tafadhali. Usianze tena. Mwaka jana ulitutoa wote kwa harufu ya gesi, kikawa kicheche kimefia chini ya sakafu."

"Kicheche ndiyo. Nimekubali."

"Watu mpaka leo wananicheka dukani."

"Waache wakucheke tena leo, wakiwa barabarani. Nisaidie kumnyanyua Wendell, mwalimu. Halafu pigia polisi, waambie ni baruti ya kweli."

Darlene akamwangalia Wendell pale chini. Hakuwa amewahi kumwona mzee yule akilia. Akaweka ubao wake kwenye majani, taratibu, kama na wenyewe ungeweza kulipuka.

Walitoka wote, pasti zimeachwa mezani, gari la ice cream limeachwa mlango wazi. Wakasimama mbali, penye kona ya kanisa. Wazazi wanahesabu watoto. Wendell alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, helmeti mapajani, na Verna akachuchumaa kando yake kumshika bega.

"Sikujua," mzee akawa anasema. "Nilidhani kaniachia ukumbusho."

"Tunajua."

"Na lile lingine nalo nikasema lisiharibike bure. Nikampa bibi."

Verna akaacha kumpapasa bega. "Lingine lipi?"

"Masanduku yalikuwa mawili. Moja nikampa Bibi Lempi aegeshe miguu."

Verna akatazama umati wote, kichwa hadi kichwa, akitafuta skafu ya maua. Hakukuwa na skafu.

Darlene alimwita. Verna alishaanza kurudi, na alirudi akitembea, hakukimbia, kwa sababu ardhi yote sasa aliiona kama sakafu ya ghorofani. Mlango wa makumbusho ulikuwa wazi. Bibi Lempi yupo pale pale, mikate yake mbele, mgongo umenyooka, mikono imeshika kiti. Miguu miwili iliyovimba iko juu ya sanduku, na chini ya sanduku jiwe la kizingiti limepata rangi nyeusi.

"Umechelewa," bibi akasema bila kusogeza hata midomo vizuri. "Tangu ulipotoka mbio nimekaa kama sanamu. Kisigino kinaniwasha mpaka basi."

"Usikikune."

"Nakikunaje na sijapumua?"

Verna akapiga magoti. Akashika mguu wa kulia kwa mikono miwili, mzito, moto, soksi ya sufu imelowa kwa chini. Akauinua. Akaupeleka pembeni, akauweka sakafuni. Kichwa kilikuwa kinampiga kiasi kwamba aliogopa jasho lake mwenyewe litadondoka. Akaushika wa kushoto.

"Mama alikuwa anatuchapa tukikimbia karibu na buti za baba," bibi akanong'ona. "Mimi nilidhani ni ukali tu."

Mguu wa kushoto ukatua. Akamwinua kwa kwapa. Fimbo wakaiacha. Wakatoka hatua kwa hatua kwenye changarawe, bibi mwenye mwendo wake ambao hakuna mtu Orvala amewahi kuuharakisha, na Verna hakuuharakisha. Njia nzima nyuma yao palikuwa kimya. Kimya chenyewe Verna alikisikia kwenye mgongo.

Polisi wa jimbo walifika na mavazi yao mazito. Walikwenda, wakaangalia, wakarudi wakitembea vile vile alivyotembea Verna. Haliguswi hata moja, mkubwa wao akasema. Yatalipuliwa yalipo. Darlene akauliza, na nyumba? Yule akasema tu watu wasogee tena, mpaka ng'ambo ya shule.

Mlio ulipokuja, madirisha ya kanisa yote yakapiga kelele kwa pamoja. Moshi ukapanda wa rangi ya njano. Wendell alivaa helmeti yake na kusimama wima, magoti yake mabovu na yote, mpaka wa pili ukalia.

Ndipo yule mkubwa akawajia na kalamu. "Hilo zizi la marehemu," akasema. "Kilitoka nini kingine?"

Oktoba ile makumbusho yalikuwa yamefanya mnada wa vitu ili kutengeneza paa, na karibu vyote vilikuwa vya Cyril. Makabati, mapipa, masanduku mazuri ya mbao ya kuwekea kuni kando ya jiko. Yaliisha kabla ya mchana.

Verna aliwaona majirani zake wanavyoanza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine, nani alibeba nini kwenda nyumbani. Na nyuma kabisa ya umati, karibu na uzio wa shule, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa anajikanda paji la uso, taratibu, kama mtu ambaye kichwa kimemsumbua majira yote ya machipuko na hajawahi kujiuliza kwa nini.