Rubi, Mjukuu wa Tabitha

Mdogo wangu Elimringi ni dalali wa mawe. Yaani anazunguka mjini Arusha na vijiwe viwili vitatu mfukoni, vya watu, akitafuta mnunuzi, na kwa kazi hiyo anajiona mfalme. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Mkewe Prisca alijifungua binti kwa upasuaji, na daktari akamwambia huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho. Sasa, kwetu Wameru binti wa kwanza hana mjadala: anachukua jina la bibi mzaa baba. Baba yake humwita "mama" tangu yuko kwenye nepi. Mama yetu Tabitha ana mtoto wa kiume mmoja tu, huyuhuyu bwana mawe. Mimi binti yangu ana jina la mama mkwe, kama desturi inavyotaka, na wa pili, ambaye angechukua la mama, hakuja: nikazaa wavulana watupu. Kwa hiyo jina la mama lilimsubiri Elimringi. Mama alishaanza kuuliza "wajina wangu hajambo?" juu ya mtoto ambaye hata hajamwona.

Elimringi akapanda kwetu Akheri na gari la kuazima. Shikamoo yenyewe aliitupa mlangoni, akasimama katikati ya sebule. "Anaitwa Rubi," akatangaza.

"Rubi ndiyo nini?" mama akauliza.

Loo, tukafundishwa! Eti Rubi ni Kilatini, maana yake wekundu. Eti ni jiwe la wafalme, linafukuza husuda, linavuta mapenzi. Eti liko hapo Longido tu, na Wazungu wanalililia. Kilatini! Mtu ambaye hata Kimeru anakiongea kama mgeni! Nikamwambia rubi kwa Kiswahili ni yakuti, basi amwite Yakuti tujue moja. Akakunja pua, akasema Yakuti ni jina la kishamba. Ebo! Si jiwe lilelile?

"Dada, jina ni soko," akasema. "Huko duniani nani atamjua Tabitha?"

Alisema hivyo mama amekaa palepale, ungo wa maharage mapajani. Mama akaendelea kuchambua. Mimi nilitamani kumzaba kibao.

Jumapili ya ubatizo msimamizi nilikuwa mimi, mtoto nimempakata. Mchungaji akachota maji, akauliza mtoto aitwe nani. Elimringi akanikazia macho. Nikasema kwa sauti, kanisa zima lisikie: "Tabitha!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Elimringi akaruka na suti yake inayombana kwapani. "Hapana! Ni Rubi, Mchungaji! Rubi!" Mkono wa mchungaji ukabaki hewani, maji yanachuruzika. Nilimdharau ndugu yangu kuliko siku zote, tena nikafurahi, maana mchungaji alikuwa anamtazama mama, siyo yeye. Nikajua tumeshinda.

Mama akainuka kwenye benchi, akaja mpaka mbele. Alianza na mimi.

"Nani amekutuma?" akaniuliza. "Unaniombea jina mbele za watu, mimi ni ombaomba?"

Nilikosa pa kuficha uso. Mama akamgeukia mwanawe, akamtazama toka viatu mpaka kichwani, kama mtu anayejaribu kukumbuka wamewahi kuonana wapi.

"Wa kunipa alikuwa huyu," akasema, "na hakunipa. Mchungaji, mbatize Rubi, mtoto anasikia baridi. Jina langu nitazikwa nalo."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga kigelegele tena. Mchungaji akambatiza Rubi haraka haraka, na Prisca akawa analia kimya kimya pembeni yangu.

Elimringi akanyoosha tai yake, akaniinamia sikioni anatabasamu.

"Umeona, dada?" akasema. "Hata mama amelipenda."