Mkubwa Hajainuka

Nyumba yangu haijawahi kukosa watu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata nzi wa wilaya nzima wanajua saa ya chai kwa Ustinya. Kwa hiyo msishangae kwamba habari ya Kapitolina na Gleb ilianzia mezani kwangu, na hapohapo ndipo ilipopasuka.

Kapitolina ni binti wa kaka yangu, Meja Afanasi, mjane mstaafu wa jeshi, mwenye sauti ya mzinga na moyo wa siagi. Alimlea peke yake tangu mama yake alipofariki. Basi binti akakua, akakata nywele kama mvulana, akatangaza kwamba anakwenda Uswisi, ambako wanawake wanaruhusiwa kusomea udaktari. Meja alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Binti yangu akafungue matumbo ya wanaume? Labda nife kwanza!"

Ikawa imekwisha. Kwetu msichana hapati cheti cha safari bila idhini ya baba, na bila cheti askari wanamrudisha kabla hajamaliza kusema jina lake.

Gleb naye ni mtoto wa shemasi wetu. Alifukuzwa seminari, akaenda chuo kikuu Moscow, akarudi na miwani ya bluu na neno moja mdomoni: upuuzi. Sala, upuuzi. Vyeo, upuuzi. Mashairi, usiseme.

"Na mapenzi je?" nilimchokoza siku moja, huku akiimaliza pai yangu ya kabichi.

"Mishipa ya fahamu na damu, Shangazi Ustinya. Hakuna zaidi."

"Na njaa?"

"Njaa ni kitu cha kweli."

"Afadhali. Nilidhani nimelisha upuuzi."

Mnajua wenyewe kwamba kwetu mtu hasafiri hivihivi. Wote huketi kimya kidogo, hata mwenye haraka, na hakuna anayenyanyua kiuno mpaka mkubwa wa familia ainuke. Majira ya baridi, Meja alipokuwa akienda mjini kwa gavana, tuliketi wote. Gleb alibaki amesimama kando ya jiko, akitafuna mbegu za alizeti.

"Nikiketi, ndiyo barabara itanyooka?" akauliza.

Jioni hiyo Meja alirudi kwa miguu. Sleji yake, lile gari la kuteleza juu ya theluji, ilikuwa imevunjika shimoni. Hakuna ambaye angeweza kumtoa kichwani kwamba zile mbegu za alizeti ndizo zilizomvunjia.

Kwa hiyo fikirini mji mzima ulivyowaka Gleb alipokuja kumposa Kapitolina! Mke wa mkuu wa posta alikuja kwangu bila hata kufunga viatu. Meja alinguruma, kisha akatulia. Mtoto wa shemasi, sawa, lakini mume ni mume. Binti ataacha habari za Uswisi, watakuja wajukuu. Akawabariki kwa sanamu takatifu ya marehemu mkewe, machozi yakimtiririka kwenye masharubu. Kanisani, mbele ya kile kitambaa cha maarusi ambacho wa kwanza kukikanyaga ndiye atakayetawala nyumba, Gleb alisimama akangoja bibi arusi akanyage kwanza. Wanawake tulicheka mpaka padri akakohoa.

Hatukujua tunacheka nini. Baada ya harusi, maarusi wakikaa kwangu, Kapitolina aliweka kikombe chini akasema, "Baba, nitaondoka barafu ya mto ikiwa bado imara ya kuvukia. Nakwenda Uswisi. Peke yangu."

"Na mumeo?"

"Mimi ni mume wa karatasi, Meja," Gleb akasema, akitazama sukari. "Tulikubaliana kabla. Idhini sasa ni yangu, nami nitampa. Wenzetu wengi wanafanya hivyo."

"Wa karatasi!" Meja alisimama. "Nimewabariki kwa sanamu ya mama yake! Watu walikula, walikunywa! Hamna Mungu, hamna wazazi, sasa hata ndoa hamna! Mna nini nyinyi?"

"Tuna kazi ya kufanya, Baba," Kapitolina akajibu polepole, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Mmoja akikaa, mwingine anasimama. Meja alitembea ukumbini, Kapitolina alifunga sanduku akalifungua tena. Gleb alizunguka bustanini kwenye theluji iliyooza mpaka akatengeneza njia. Nje maji yalidondoka kwenye vipaa mchana kutwa.

Siku moja kabla ya safari, Meja alimvuta Gleb stoo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango, nikitafuta pipa la matango ya chumvi, ambalo nilijua fika halipo hapo.

"Gleb, mwanangu." Hajawahi kumwita hivyo. "Baba hana neno tena. Sheria imekupa wewe. Usimtilie sahihi. Kaa naye, nitawapa ile nyumba ya bustanini."

"Unaniomba nimfungie mtu, Meja?"

"Nakuomba umpende kama watu wanavyopenda!"

"Nimeshasema, mapenzi ni mishipa tu na..."

"Basi mishipa yako imekunyima usingizi! Unadhani sina macho? Jana ulimpakia mkate jamu mpaka ukampaka na vidole. Niambie humpendi, niondoke."

 Nilisikia hatua za Gleb, mpaka dirishani, kurudi, mpaka dirishani tena.

"Anajua?" Meja akauliza kwa sauti ndogo.

"Hajui. Ndivyo tulivyokubaliana, kusiwe na hayo."

"Na cheti?"

"Kipo mfukoni. Sijakitia sahihi."

Asubuhi, Pafnuti, mwendesha sleji, aliingia akivua kofia. "Barafu inalia, mabwana. Ikifika adhuhuri sivuki, hata mkinichapa. Mpaka mafuriko yaishe."

Na mafuriko yetu huchukua muda wake. Yatakayobadilika katikati, nani anayajua?

"Gleb, cheti?" Kapitolina akauliza, ameshavaa koti.

"Kipo."

"Umetia sahihi?"

"Tuketi kwanza," akasema Gleb. Akaketi juu ya sanduku la Kapitolina.

Kapitolina akacheka. "Wewe? Si upuuzi?"

"Miguu imechoka."

Tukaketi. Saa ya ukutani ikagonga. Meja alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini, macho sakafuni. Kimya kikapita kipimo chake. Mimi nikakohoa. Meja hakuinuka. Kengele za farasi zikalia nje. Hakuinuka.

"Baba," Kapitolina akanong'ona.

Meja alikaza tu mikono. Na yule msichana aliyekata nywele, aliyemjibu baba mbele za watu, akabaki ameketi machozi yakimtoka, asiweze kumpita mzazi wake. Pafnuti akachungulia, nikamfukuza kwa mkono. Nikamtazama Gleb. Wala hakuhitaji kukataa. Ilitosha aketi. Mto ungemaliza yaliyobaki, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akainuka.

"Mkubwa hajainuka!" nikamkemea kwa pumzi.

Alikwenda mezani, akachovya kalamu, akaandika, akapuliza wino. Akamwekea Kapitolina cheti mkononi.

"Inuka, Kapa. Barafu haimngoji mkubwa."

Kapitolina alimtazama sana. Kisha akamvua ile miwani ya bluu, akayaangalia yale macho mekundu, akamrudishia.

"Gleb, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Upuuzi," akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya neno.

Kapitolina alipiga magoti mbele ya baba yake. Meja akaweka mkono kwenye zile nywele fupi alizokuwa akizilaani, akamchorea msalaba. Kengele zikaondoka naye uwanjani kwangu.

Meja alikuwa bado kitini. "Mjinga wewe," akamwambia Gleb.

"Ndiyo, Baba."

Hapo mto ukapiga mlio kama bunduki. Wote wawili walitoka mbio, Meja na viatu vya ndani, wakikanyagana mlangoni. Niliwafuata na shali kichwani. Ng'ambo, sleji ilikuwa ikipanda ukingo, na Pafnuti alipunga kofia. Meja alimshika Gleb mkono, sijui nani alikuwa akimzuia nani asianguke.

Niliwaita chai. Hawakusikia. Barafu ilikatika mbele yao vipande vipande, nao wakasimama pale pale wakiitazama ikienda.