Binti wa Bandira kwa Nusu Siku

Katika kisiwa chetu jina la ukoo halimsaidii mtu, kwa kuwa nusu yetu ni Vidošić na nusu nyingine wameoana na Vidošić. Kwa hiyo kila nyumba ina jina la utani lililorithiwa, na mgeni mlangoni haulizwi anaitwa nani bali ni wa nani. Jibu likishatoka, maneno yanayobaki ni adabu tu.

Nyumba ya Jelka iliitwa Drob, yaani matumbo ya samaki. Babu yake, mzee Frane, alitia dagaa chumvi katika ghala la kijiji cha juu, na kila kiangazi Jelka alikaa humo akiwakata vichwa na kuwatoa matumbo kwa kidole gumba. Harufu ile haikutoka kwa sabuni, wala kwa limau, wala kwa majivu. Ilimfuata hadi darasani mwezi wa Septemba, ambako wenzake walibana pua kwa ustadi wa watu waliokwisha kufanya mazoezi. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, na vuli ile angevuka bahari kwenda kuanza sekondari mjini Split. Alitaka kufika huko na mikono isiyonuka. Njia ilikuwa moja: kupata kazi nyingine kabla ya dagaa kuanza kuvuliwa. Sheria inataka miaka kumi na mitano, lakini sheria inakaa Zagreb, mji mkuu, na haipendi kupanda meli.

Akateremka hadi kwa Bepo, mwenye mkahawa gatini. Bepo hakuwa amepanda kijiji cha juu tangu aote kitambi, kwa hiyo hakumjua. Alikuwa akijifuta jasho la shingo kwa kitambaa kilekile alichofutia meza.

"Mjomba Bepo, nimesikia unatafuta msichana wa kuuza aiskrimu."

"Natafuta, ndiyo. Wewe wa nani?"

"Vidošić."

"Ala! Hapa hata paka ni Vidošić. Nimekuuliza wa nani."

Jelka aliificha mikono mgongoni. "Wa Bandira," akasema.

Aliwachagua kwa sababu walikuwa safi. Wa Bandira ndio wanaobeba bendera ya kanisa katika maandamano ya sikukuu ya Mama Maria, wakiwa na mashati meupe, na hakuna aliyewahi kuwabania pua. Asichokijua, kwa kuwa watoto hawaambiwi mambo ya maana, ni kwamba zamani baba yake Bepo aliomba kuushika mti wa bendera ile japo hatua chache, akajibiwa kwamba mikono ya muuza pombe ingechafua hariri. Yule baba alikwisha kuzikwa. Jibu lile halikuzikwa naye.

"Keka!" Bepo alimwita dada yake jikoni. "Njoo uone miujiza! Wa Bandira wametuletea binti aombe kazi!"

"Weee! Muulize kama amekuja na bendera yake!"

"Mwanangu," Bepo akasema kwa upole wa kutisha, "aiskrimu ni kazi nyepesi mno kwenu. Nyie mmezoea kunyanyua vizito. Kuna kashimo nyuma ya jiko kameziba. Kazibue, halafu tutaongea."

Kashimo kalikuwa pipa la zege ambamo maji yote ya jikoni huacha mafuta yake. Jelka alipofunua kifuniko, ukoko wa juu ulitikisika kama kitu kinachopumua. Ulikuwa wa kijivu, wenye mishipa ya manjano, na ndani yake mlining'inia ngozi za ngisi, vipande vya mkate vilivyovimba na plasta iliyobanduka kidoleni mwa mtu. Chini ya ukoko kulikuwa na uji mweusi. Aliuchota kwa kopo hadi mikono ikazama kufikia viwiko, akatapika mara moja, na matapishi yake yakawa ndiyo kitu kisafi kuliko vyote mle.

Mchana mzee Frane alifika mlango wa nyuma na ndoo ya dagaa wa chumvi. Bepo akamkumbatia.

"Mzee Drob! Tazama leo nani anatuchotea uchafu. Wa Bandira!"

Mzee akatazama. Jelka hakuinua uso.

"Wa Bandira," mzee akarudia. "Hawajambo nyumbani, binti?"

"Hawajambo," Jelka akasema.

"Bado sina wa kuuza aiskrimu," Bepo akaendelea. "Wewe huna mjukuu wa kike? Wako ningempokea hata bila kumwona."

"Ninaye. Ila hapendi harufu yetu."

Akaweka ndoo chini, akageuka kwenda zake.

"Babu," Jelka akaita. "Mjomba, ni mimi. Mimi wa Drob."

Bepo alicheka hadi akashika ukuta. "Sasa si ungesema, mpumbavu wewe! Toka humo, kaoge!" Mzee hakucheka, wala hakungoja.

Jioni Jelka alisimama nyuma ya jokofu akiwa na aproni nyeupe. Bepo alimwonyesha vibweta vya aiskrimu vya juu, kisha ndoo ya chini, ambamo yalikombwa mabaki ya vikombe vya wateja na kugandishwa upya. Ndani yake mlionekana unywele na alama za meno. "Hii ni ya watu maalumu," alisema.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Dinka wa Bandira.

"Kumbe kitoto cha Drob! Nipe vanila, na usiiguse kwa vidole, mama."

Bepo, aliyekuwa meza ya pili, alielekeza kidevu kwenye ndoo ya chini.

Jelka angeweza kukataa. Kazi ya dagaa ilikuwa bado inamngoja, na ghala halikuwa na mlango wa kufuli. Alizitazama kucha zake, ambazo kwa mara ya kwanza zilikuwa nyeupe, kisha akainama, akachota kutoka chini na kulainisha donge kwa mgongo wa kijiko ili unywele usionekane.

Bi Dinka alilamba polepole, macho yamefumbwa nusu.

"Tamu," akasema. "Nitilie na ya mjukuu wangu."

Jelka akainama tena.