Baba Mzazi Ndani ya Suti ya Fundi

Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: nikiulizwa baba yako nani, nitaje jina nimalize, nisianze kuhadithia. Aliyenilea ni Fundi, mume wa mama, anatengeneza mafriji. Aliyenizaa alitoka kwenda kununua vocha nikiwa bado natambaa. Nadhani mpaka leo anaikwangua.

Basi Fundi akaenda mahakamani niwe mwanawe kisheria kabla sijafika umri wa kuitwa mtu mzima, maana ukishapita hapo ndiyo basi tena. Hakimu akasema sawa, lakini baba mzazi apelekewe wito, aje akubali au apinge.

Fundi akaupeleka mwenyewe. Mwingine angeutupia mlangoni akatimua mbio. Sio Fundi. Alimkuta jamaa kajilaza sebuleni, feni mbovu inalia juu yake. Jamaa akausoma wito, akaguna.

"Kukubali nakubali. Ila ndugu yangu, mahakamani naendaje na kaptula?"

Fundi akamtengenezea feni. Kisha akarudi nyumbani, akachomoa kabatini suti yake ya harusi, akampelekea.

Mama nusura azirai. "Baba nanihii, unamvisha mtu wa kesi yako mwenyewe?"

"Mke wangu, asije na kaptula. Mtoto ataona aibu."

"Mtoto yupi? Si huyu hapa? Muulize!"

Nikasema sioni aibu yoyote. Nani anisikilize.

Sasa suti ina mambo yake. Siku ya kesi jamaa kaja vizuri tu, mtu wa kukubali. Akajiona kwenye kioo cha mlango wa mahakama. Akasimama. Akarekebisha kola, akakohoa kama mwenye nyumba. Pale pale ubaba ukampanda.

"Mheshimiwa, napinga! Ile ni damu yangu. Moyoni hatujawahi kuachana."

Hakimu, mama mmoja wa miwani, akamtazama. "Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Moyoni? Leo asubuhi."

"Kwa macho."

"Macho, mheshimiwa, yananisumbua siku nyingi."

Watu wakaangua kicheko. Fundi akainuka. Nikajua leo ndiyo leo, anamvua koti hadharani.

"Mheshimiwa, tumpe nafasi ajieleze. Ana wasiwasi tu."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nikaona baba ananiponyoka hivi hivi, tena kwa upole wake mwenyewe. Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Sema, kijana."

"Shikamoo, mheshimiwa. Naomba aulizwe naitwa nani."

Jamaa akatabasamu kwa meno yote. "Huyu? Huyu nyumbani tunamwita Junia."

"Nyumbani wapi?" hakimu akauliza.

Jamaa akarekebisha kola tena.

"Na mbali na Junia?"

Jamaa akageuka kumtazama Fundi, amsaidie. Na Fundi, wallahi, mdomo ulikuwa umeshaanza kufunguka! Mama akamkanyaga mguu.

Hakimu hakuhitaji zaidi. Baba mzazi amemtelekeza mtoto, haki zake za ubaba zimekoma, na mtoto kuanzia leo ni wa Fundi. Mama akalia. Mimi nilikuwa na vumbi machoni, msinikazie macho.

Nje, jamaa kasimama kwenye ngazi. "Ndugu yangu, mnaelekea upande wetu?"

Fundi akamfungulia mlango wa mbele wa pikapu yake ya kubebea mafriji.

"Mwanangu, panda nyuma huko kwenye friji. Mpishe mgeni akae na mama."

Amri ya kwanza ya baba yangu wa kisheria, ndiyo hiyo. Nikamtazama mama, mama akanitazama.

"Baba yako kasema," akaniambia.

Nikapanda.