Banda la Maua la Elinipendo

Tangu mama yake alipopigwa na kiharusi, Elinipendo hakufika mbali zaidi ya soko la Mwika, na hata huko alikwenda mbiombio, roho mkononi, arudi na chumvi na sabuni kabla mgonjwa hajaamka. Alikuwa mwanamke wa makamo, hakuolewa. Mdogo wake, Shedrack, aliuza vipuri vya magari Dar es Salaam tangu serikali iliporuhusu biashara huria, na hakukosa kupanda nyumbani kila Krismasi kama Wachagga wengine.

Kilichomliwaza Elinipendo ni okidi. Muuguzi mmoja Mzungu wa misheni, alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia vyungu viwili. Kimoja kilikuwa na katleya, ambayo ua lake la zambarau ni pana kama kiganja na hunukia asubuhi jua linapoanza kupasha. Cha pili kilikuwa na okidi ambayo ua lake lina kifuko mbele kama ncha ya ndara. Basi akaiita Ndara, na jina likakaa. Katleya aliipanda kwenye vipande vya mkaa na magome, akaitundika penye mwanga chini ya mti wa mringaringa. Ndara haikutaka jua, akaiweka baraza ya nyuma. Miaka ilivyokwenda alizigawa mashina zote mbili, akazigawa tena, mpaka mti na baraza vikajaa. Majirani walisema maua hayaliwi.

Aliyemwelewa ni Hajira, muuza vitenge wa Moshi mjini, ambaye naye alifuga katleya uani kwake. Alisikia habari za Elinipendo sokoni, akapanda Mwika kumtafuta, na tangu hapo wakawa marafiki. Walichuchumaa mbele ya chungu kimoja wakabishana kama watoto.

"Hii kesho inafunguka."

"Haifunguki. Ala inayofunika ua bado ngumu, iguse uone."

Mwezi wa kumi na moja Hajira alikuja na habari. "Mdogo wangu Yassin anafungua bustani ya maua Arusha. Anataka mtu wa kusimamia okidi, na chumba cha kulala kipo. Nimekutaja wewe."

"Na mama?"

"Una ndugu, Eli. Mama si wako peke yako."

Maneno hayo yalimkaa. Akiwa anamgeuza mama yake kitandani, akiwa anamlisha mtori kijiko kwa kijiko, aliyapanga atakayomwambia Shedrack. Januari angekuwa Arusha.

Shedrack alifika na mkewe Monica, na pikapu iliyosheheni mbao na wavu mweusi. Kesho yake mafundi walianza kugonga nyuma ya nyumba. "Wewe usiangalie huku, dada," Shedrack alisema akicheka. Elinipendo akadhani wanatengeneza jiko.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, ukoo ulipokuwa umekaa uani na pombe ya mbege, Shedrack alimshika dada yake mkono akampeleka nyuma. Palikuwa na banda refu, nguzo imara, wavu wa kivuli juu na pembeni, rafu ndani na mlango wenye komeo.

"Dada amemtunza mama bila kunung'unika," alisema mbele ya watu wote. "Sasa maua yake yana nyumba. Hana haja tena ya kwenda popote."

Vigelegele vikapanda. Elinipendo aliutazama ule wavu. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kusema asante kabla hajauzuia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, "Shedrack, Januari nakwenda Arusha. Nimepata kazi."

"Na mama atabaki na nani?" Monica aliuliza.

"Na ninyi. Mchukueni Dar, au leteni mtu wa kumlea."

"Mtu baki amwogeshe mama yetu?" Shedrack alisema. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikwenda kwenye uzio wa masale, akachuma jani moja, akalifunga fundo, akarudi amelishika kwa mikono miwili na kupiga magoti. Uchaggani, hata aliyekuulia ng'ombe akikuletea sale humpi kisogo.

"Nakuomba, dada. Mwaka mmoja tu."

Wazee hawakumtazama Elinipendo usoni. Waliutazama mkono wake. Naye akauona ukinyanyuka wenyewe, ukalipokea jani. Watu wakapumua, mbege ikaendelea.

Januari Hajira alipanda tena. Yassin alikuwa amesubiri, kisha akachukua mtu mwingine.

"Mwaka mmoja, alisema?"

"Alisema."

"Na mama alipougua, alisema nini?"

"Miezi michache," Elinipendo alijibu.

Yassin alikuwa bado anataka mimea ya kuanzia bustani. Wakachagua katleya za kwenda Arusha, Elinipendo akazifunga kwa magamba makavu ya migomba, kila mzigo peke yake, akazisindikiza mpaka barabarani. "Mwambie Yassin asizimwagilie sana mpaka mizizi mipya itoke," alisema. Gari lilipoteremka aligundua kwamba anazionea wivu.

Hakuingiza chungu hata kimoja kwenye lile banda. Aliwaingiza mbuzi.

Pasaka Shedrack alikuja peke yake, akasimama mlangoni pa banda, mkono kiunoni.

"Dada! Mbuzi?"

"Wamelipenda."

"Mimi nililijenga kwa ajili ya maua!"

"Siku utakayoleta mtu wa kumlea mama, nitawatoa."

Shedrack alicheka, akidhani ni utani. Elinipendo hakucheka. Hapo mama yao akaita kutoka ndani, kwa ulimi wake mzito wa kiharusi. Shedrack akamtazama dada yake, akingoja aende. Elinipendo hakusogea. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna pembe ya wavu.

Mwishowe Shedrack aliingia mwenyewe. Hakukawia kutoka.

"Anataka nini? Simwelewi."

"Anataka kugeuzwa. Anza na mguu, halafu bega."

Akarudi ndani. Elinipendo alisikia kitanda kikilia, akasikia mdogo wake akisema, "Pole, mama, pole," kisha mama akapiga ukelele wa maumivu. Alifumba macho. Alijiambia asiende, Shedrack ajifunze, naye ni mtoto wa mama. Ukelele wa pili ulipotoka alikuwa tayari mlangoni, anapangusa mikono kwenye kanga.

"Sogea," alimwambia Shedrack.