Mzazi Asiye na Kichanga

Habari yenyewe haikuwa na mwenyewe. Ilizuka tu asubuhi kwenye meza za ndizi pale sokoni Mabatini, wanawake wakiwa bado wanapanga mikungu, na ilipofika kwenye meza ya Bernadetta ilikuwa imeshanona. Eti kuna dada mmoja wa Igoma alikwenda hospitali kupunguzwa tumbo. Akapasuliwa vizuri, akatoka vizuri, akarudi nyumbani anacheka. Halafu akafa njaa. Siyo kwamba chakula hakikuwepo. Kilikuwepo tele, ila tumbo lilikuwa limesahau kudai.

"Kafa huku anasema nimeshiba," alisema mwenye meza ya pili, akipangusa kisu kwenye khanga. "Wamemkuta amekauka kama mchembe wa viazi."

Wenzake wakacheka. Bernadetta naye akacheka, maana asiyecheka huulizwa. Lakini ndizi alizouza siku ile hakujua anamuuzia nani. Mwanawe wa pekee, Kokugonza, alikuwa ameshapangiwa upasuaji wa namna hiyohiyo, na alikuwa amemwapisha mama yake asimwambie mtu yeyote chini ya jua.

Koku alikuwa karani kwenye kiwanda cha samaki. Mwili wake ulikuwa mkubwa tangu usichana, na Bernadetta kwa miaka mingi hakuuona kuwa ni ugonjwa. Mwili ule aliujenga yeye, kijiko kwa kijiko, mtoto akiwa amezaliwa mdogo kiasi kwamba wanawake wa kwao Muleba walimtazama wakanyamaza. Alipoanza kujaa mashavu, Bernadetta alitembea naye barabarani kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha ikaja sukari. Sukari ilikuwa imemchukua Ishengoma, baba yake Koku, kwa kumla taratibu: kidole, mguu, halafu mguu mwingine, halafu mwenyewe. Koku naye alipopimwa akakutwa nayo, alijaribu yote. Alifunga, akanywa majani machungu, akakimbia asubuhi mpaka goti likavimba. Mwili ulipungua kidogo, ukarudi na nyongeza. Ndipo daktari akamweleza habari ya kupunguza mfuko wa chakula.

"Mama, mimi siko tayari kukatwa vipandevipande kama baba," alisema Koku siku alipoleta habari hiyo. "Kama ni kukatwa, nikatwe mahali nilipochagua mwenyewe. Ila naomba usimwambie mtu. Wakiniona nimepungua watasema nimeambukizwa. Wakijua nimepasuliwa watasema maringo."

"Hata Odeta?"

"Hasa Odeta! Odeta ukimwambia saa tatu, saa nne inasomwa kwenye matangazo ya kanisa."

Odeta alikuwa jirani na kiongozi wa jumuiya yao. Tangu Bernadetta afiwe na mume hakuwahi kumficha neno. Sasa akawa na neno zima la kumficha, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Koku akahamia kwa mama yake kule Ilemela, nyumba iliyobanwa katikati ya mawe makubwa mlimani, gari lisipofika. Daktari alikuwa amemwagiza kabla ya upasuaji anywe vitu vya majimaji tu, maziwa na supu iliyochujwa, ili ini lisinyae na wapate nafasi ya kufanya kazi. Basi Bernadetta, aliyezoea kupika ndizi za kulisha ukoo mzima, akawa anajipikia kibakuli kimoja, anakwenda kukilia nyuma ya nyumba, mgongo kwenye jiwe, ili harufu isimtese mwanawe. Koku anakunywa supu ndani. Mama anatafuna nje. Kila mmoja anasikiliza ukimya wa mwenzake. Katika maisha yake yote hakuwahi kula kwa kujificha kama mwizi.

Upasuaji ukaenda salama. Bernadetta alikaa kwenye benchi akihesabu rozari akipotea na kuanza upya, mpaka nesi mmoja kijana, jina lake Malimi, akamjia anatabasamu. "Shikamoo mama. Binti yako keshatembea mpaka dirishani."

"Marahaba. Katembezwa, na kidonda kibichi hivyo?"

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo, mama."

Bernadetta aliona ni utani wa vijana. Siku ya kuruhusiwa, Malimi alipokuwa anakaa na Koku kumpa maelekezo ya nyumbani, Bernadetta alikuwa nje anatafuta bajaji. Njiani akauliza, "Nesi kasemaje?"

"Kasema ninywe kidogokidogo, nitembeetembee."

"Hayo tu?"

Koku akatazama ziwa. "Hayo tu, mama."

Hapo ndipo palipoanza kosa. Mgonjwa wa malaria Bernadetta alimjua. Wa sukari alimjua mpaka harufu yake. Lakini mtu aliyepasuliwa tumbo akarudishwa nyumbani alimjua wa aina moja tu: mzazi aliyetoka kujifungua kwa kisu. Na mzazi ana taratibu zake. Hulazwa, hatoki nje, hapigwi na upepo. Hukandwa kwa maji ya moto, tumbo hufungwa khanga likakazwa, na hulishwa mpaka atoke jasho. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfanyia kule Muleba, alipompata Koku huyuhuyu kwa kisu. Alipona. Kwa nini Koku asipone?

Tofauti ni kwamba nyumba ya mzazi hujaa watu. Huyu analeta kuni, yule anafua, yule kazi yake ni kukaa tu na kusema hovyo watu wacheke. Nyumba hii ilikuwa imefungwa mlango. Bernadetta alichota maji peke yake, akafua peke yake, akachemsha peke yake. Hakuna wa kumwambia "hongera", hakuna wa kumwambia "pole".

Odeta alikuja mara moja. "Hodi humu! Mbona kwenye jumuiya hatukuoni?"

Bernadetta akasimama mlangoni akaujaza. "Koku ana malaria."

"Masikini. Mbona simsikii hata akikohoa?"

"Malaria gani ya kukohoa wewe?"

"Basi nipishe nikamwone."

"Kalala, waitu, ndugu yangu. Nenda tu, nitakuja."

Odeta alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, akaondoka. Bernadetta alisikiliza ndala zake zikishuka kwenye mawe, akatamani kumwita. Hakumwita.

Siku ya kwanza alipoleta beseni la maji ya moto, Koku alijiinua. "Mama, lakini nesi alisema..." Kisha akajilaza tena. Kitambaa kilipomgusa ubavuni alifumba macho, machozi yakateremka pembeni, na mama akadhani ni maumivu yanayotoka.

Uji alianza kuupika mwepesi, kama ile supu ya kabla ya upasuaji. Lakini kila Bernadetta aliposhika mwiko, yule dada wa Igoma alikuwa amekaa hapo jikoni, mkavu kama mchembe. Akaukaza uji. Akaongeza karanga zilizosagwa. Akasaga na ndizi mbivu.

"Kunywa, mwanangu. Hiki kikombe tu."

"Nimeshiba, mama."

Lilikuwa neno lilelile la dada wa Igoma. Bernadetta akamsukumia kikombe. "Hujashiba! Tumbo linakudanganya. Kunywa!"

Koku akanywa ili mama atulie, akatapika yote. Baada ya hapo hata maji akawa anayaogopa, anaramba tu kijiko. Alipoomba ajikongoje uani kidogo, mama alimrudisha kitandani. "Uende wapi? Upepo wa ziwa ukuingie kwenye kidonda? Lala."

Akalala. Kutwa nzima akilala, hanywi, hatembei, tumbo limekazwa khanga. Mwishowe mguu wa kushoto ukavimba, tafu, nyama ile ya nyuma ya mguu, ikawa ngumu na ya moto.

Bernadetta alipouona mguu ule alimwona Ishengoma. Hata kwake ilianzia mguuni. Akasema ni baridi imeshuka, akachemsha maji mengine, akaukanda. Aliukanda kwa nguvu zote za mtu mwenye hofu, kutoka kifundoni kwenda juu, kutoka kifundoni kwenda juu. Koku aliuma khanga asilie.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshapanda, Koku akaketi ghafla kitandani. "Mama. Pumzi." Kifua kilikuwa kinapanda haraka kama cha kuku aliyekimbizwa, na midomo imepauka.

Bajaji haipandi pale. Yeye peke yake hawezi kumbeba. Bernadetta akafika mlangoni, akashika fremu. Alikuwa ameapa. Nyuma yake alisikia pumzi ikikwaruza. Akafungua kinywa akapiga yowe ambalo hakuwa amelipiga tangu msiba wa mumewe.

Wa kwanza kufika alikuwa Mashimba, mponda mawe wa chini ya mlima, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake wenzake watatu. Halafu Odeta, mikono ina povu la sabuni.

"Kuna nini? Koku kafanyaje?"

"Mzazi," alisema Bernadetta, maana ndilo neno lililokuwa limeijaza nyumba ile.

Odeta akatazama kitandani, akatazama beseni, akatazama pembeni. "Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto! Kapunguzwa tumbo hospitali, nimewaficha, nimewadanganya, nisameheni baadaye! Mbebeni mwanangu!"

Hakuna aliyeuliza la pili. Mashimba alivuta kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakakishika miguu minne. Koku, hata katika hali ile, aliona aibu. "Mimi mzito, kaka."

"Dada, mimi kutwa nzima nabishana na mawe. Wewe angalau hubishi. Shika shingo yangu."

Wakashuka hatua kwa hatua. Watu walianza kutoka kwenye nyumba kutazama, na Odeta akatangulia mbele akipunga mikono yenye povu. "Piteni huko! Mnatazama nini, hamjaona malaria?"

Hospitali, Malimi alimpokea, wakamwekea hewa. Kisha akatoka akamwuliza Bernadetta kwa upole, "Mama, alikuwa anatembea?"

"Alikuwa analala."

"Anakunywa maji?"

"Anatapika."

"Na huu mguu mliufanyaje?"

"Niliukanda."

Malimi aliketi kando yake. Halafu akamweleza kwamba mtu akipasuliwa, akilala tu bila kutembea na bila kunywa, damu huweza kuganda mguuni. Bonge lile likikatika hupanda mpaka kwenye mapafu. Na mguu wa hivyo ukikandwa, mkono huweza kulisukuma. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Odeta alikaa naye mpaka alasiri, kisha akaenda kuwatazama watoto wake. Bernadetta akabaki kwenye benchi na mikono yake mapajani. Aliitazama. Ilimlea Koku, ilimwosha Ishengoma mpaka mwisho, na leo hakujua aiweke wapi. Watu walipita mbele yake wakiwa na chupa za chai na mashuka, kila mmoja na mgonjwa wake. Aliona kwamba mtu anaweza kufanya kila kitu kwa upendo na bado akawa ndiye hatari iliyo chumbani.

Sindano za kuzuia damu kuganda zikafanya kazi taratibu. Koku alipoweza kuzungumza bila kukatika, mama yake alikuwa na swali moja.

"Nesi anasema alikwambia yote. Usikandwe, usifungwe, usinywe uji mzito. Kwa nini hukunikataza?"

Koku alivuta shuka juu. "Mama, unajua mtu mnene haguswi? Watu wananipisha. Kwenye benchi la kanisa wananiachia nafasi kama nina upele. Hata wewe, tangu nilipokuwa msichana, mkono wako kwangu ni wa kunipa sahani. Njiani nilikuficha maana nilijua utataka kuniuguza kwa mikono yako, na siku ile uliponiwekea kitambaa cha moto nikasema acha, leo tu. Kesho yake nikasema tena leo tu."

Bernadetta akasogea karibu. Alimshika mkono, akaushika tu, bila kuufanyia chochote. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukanda.

Koku alipona, akarudi kwenye nyumba yake karibu na kiwanda. Mwili unapungua na sukari inashuka. Jumapili huja kwa mama yake. Hula vijiko vichache kutoka kwenye sahani ya chai, akaweka kijiko chini, na Bernadetta huzuia ulimi usiseme "ongeza". Akiondoka, sufuria hubaki imejaa karibu yote. Mama hukaa nayo jikoni, akasikiliza mlima.

Kule Mabatini hadithi ya dada wa Igoma bado inatembea. Hakuna aliyewahi kumjua jina. Juzi mwanamke mmoja mgeni alisimama kwenye meza ya Bernadetta akijifanya anachagua ndizi, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, kwa kuwa mdogo wake anakwenda kupasuliwa. Bernadetta alimvuta nyuma ya mikungu, akamketisha kwenye gunia, akamwambia mambo haya:

Usiwe nje wakati nesi anatoa maelekezo. Kaa usikie kwa masikio yako.

Usimpikie kwa siri chakula alichokatazwa, si kabla ya upasuaji wala baada.

Usimuuguze kama mzazi. Usimkande tumbo, usimkazie khanga.

Usimlaze kutwa. Atembee kidogokidogo kama alivyoagizwa.

Usimpe uji mzito, soda, pombe, wala dawa za majani.

Usimlazimishe kumaliza kikombe. Lakini usimwache akae bila kunywa. Anywe mafunda madogo kutwa nzima.

Usimnunulie dawa za maumivu dukani bila kumwuliza daktari.

Usimwache aache vidonge vya vitamini eti amepona.

Mguu ukivimba usiukande. Pumzi ikibana, homa ikipanda, tumbo likiuma sana au akitapika mfululizo, usingoje kesho. Mpeleke.

Usifiche mpaka ukose wa kumbeba.